Uzi: Kuondoa utando wa buibui kwenye rangi ya gari kwa mashine, anayeanza anunue nini?

mwenye_crown:

Wakuu salaam.

Leo usiku ukifika nyumbani fanya jambo moja. Washa tochi ya simu, isogeze karibu na boneti, halafu angalia pale mwanga unapopiga. Kama gari limeoshwa miaka miwili na vijana wa kando ya barabara kwa kitambaa kilekile, utaona mikwaruzo myembamba imeizunguka taa kama utando wa buibui. Ukihamisha tochi, utando unahama nayo. Mikwaruzo yenyewe haikuchorwa kwa duara, imelala kila upande, ila inayorudisha mwanga kwenye jicho lako ni ile tu iliyokingama na taa. Ndiyo maana gari jeusi linaonekana la kijivu mchana wa jua kali, wakati asubuhi kivulini lilikuwa limetulia kabisa.

Naandika uzi huu kwa sababu kila mtu akiuliza "ninunue polishi gani?" anatajiwa chupa saba, ananunua tatu, na gari linabaki vilevile. Nimeshika mashine miaka sita sasa, kwa magari yangu na ya ndugu, na ninachoamini ni hiki: kwa anayeanza, chupa ndiyo kitu cha mwisho cha kumuumiza kichwa. Pesa iende kwenye mashine sahihi, pedi nyingi (zile sponji za duara zinazofungwa mbele ya mashine), mwanga na mataulo. Chupa moja inatosha.

Nianze na kilichonifikisha hapa. Crown yangu ni nyeusi, namba ya rangi 202. Wenye Toyota fungua boneti, tafuta kibati cha taarifa za gari, au angalia kwenye nguzo ya mlango, utakuta namba ya rangi. Nyeusi ya 202 inajulikana kwa ulaini, kitambaa kikavu tu kinaichora. Baada ya miaka mitatu ya kuoshewa barabarani nikaipeleka mahali wanakopiga bafu, yaani wanakong'arisha rangi kwa mashine. Kijana akachukua grinda, ile ya kukatia vyuma, akafunga pedi ya manyoya, akamwaga rabingi (dawa nzito ya kusugulia rangi), kazi ikaanza. Jioni gari liling'aa hadi nikaongeza hela ya soda. Mvua mbili baadaye utando ulirudi wote, na juu yake mawimbi ya mwanga ambayo hayakuwepo mwanzo, yale yanayoitwa hologramu. Halafu kwenye ukingo wa boneti, juu ya taa ya kushoto, nikaona kijivu. Ilikuwa praima, rangi ya msingi inayopigwa chini ya rangi yenyewe. Upana wa ukucha wa kidole kidogo, rangi imekwisha. Pale hakuna polishi itakayoirudisha, ni fundi rangi tu.

Tuelewe kwanza tunachokikata. Rangi ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150, na magari mengi ya Kijapani yako upande wa chini wa hapo. Unywele wa kichwa ni kama maikroni 70. Klia, ile tabaka ya juu isiyo na rangi, mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50 tu. Utando wa buibui umo ndani ya hiyo klia. Kuuondoa ni kuipunguza klia yenyewe mpaka usawa wa chini ya mkwaruzo. Polishi laini inakula kama maikroni moja, kompaundi kali (polishi ya kukata) yenye pedi kali inakula tatu na zaidi. Na klia ndiyo inayozuia jua kuifikia rangi. Mmeshaona magari ambayo paa limebanduka kama ngozi ya kitunguu? Hapo klia imekufa. Basi ihesabu kama akiba ya benki ambayo unatoa tu, huweki.

Rangi nyingine hazina klia kabisa. 202 nyingi ziko hivyo, na nyeupe ya 040 pia, rangi yenyewe ndiyo tabaka ya juu. Utajua ukiona pedi imegeuka nyeusi au nyeupe. Usiogope, haijaharibika, ila jua kwamba unachokula ni rangi.

Sasa mashine. Ziko aina mbili kubwa. Rotari inazunguka kwenye mhimili mmoja, kwa kawaida kati ya mizunguko 600 na 3,000 kwa dakika. Ina nguvu, inakata haraka, na ukiisahau mahali pamoja inachoma. Ya pili ni DA, yaani "dual action", miondoko miwili kwa pamoja. Hii inazunguka huku ikitikisika kwa mzingo mdogo, na mzunguko wake unalegea wenyewe ukikandamiza sana au ukiinamisha mashine. Huo ulegevu ndio unaomlinda anayeanza. Grinda haimo katika hesabu hii, kwani inakwenda mizunguko 11,000 kwa dakika, na ndiyo iliyokula ukingo wa boneti yangu.

Kwenye DA utasikia watu wanataja milimita: 8, 15, 21. Huo ni upana wa mtikisiko. Ya 8 ni tulivu, ya bei nafuu, inafaa, ila inachukua muda. Ya 15 ndiyo ninayompendekezea mtu mwenye gari la kawaida la familia. Ya 21 inamaliza boneti na paa upesi lakini kwenye milango yenye mikunjo na bampa inasumbua mkono mgeni. Rupes, Waitalia walioanza mwaka 1947, ndio walioifanya mitikisiko mirefu ya 15 na 21 ijulikane, na mashine zao ni nzuri kweli. Kama mfuko hauruhusu, Shinemate na nyingine za Kichina zenye mtikisiko wa 15 zitakufundisha kazi ileile. Angalia tu mambo matatu: bamba la kubebea pedi liwe la inchi 5, kuwe na kirekebisha mwendo cha hatua 1 hadi 6, na iandikwe volti 220 hadi 240.

Pedi ndiko wengi wanakobana hela, na ndiko kazi inakoharibikia. Ukinunua mashine na pedi moja, ni sawa na kupika pilau la watu hamsini kwa mwiko mmoja wa chai. Pedi inashiba polishi na vumbi la rangi, inapata joto, inaacha kukata inabaki kupaka tope. Nunua pedi za sponji za ugumu wa kati angalau nne, na laini mbili. Pedi kali ya kukatia nunua moja, ikae, huenda usiiguse. Za maikrofaiba na manyoya ziache kwanza. Na brashi ya nailoni ya kusafishia pedi, hata ile ya kufulia viatu.

Chupa sasa. Kwa utando wa kawaida Meguiar's Ultimate Compound kwenye pedi ya kati inafanya kazi magari mengi, na vumbi lake ni dogo. Kwa rangi laini kama yangu, Meguiar's M205 kwenye pedi laini. Ukipenda Wajerumani, Menzerna 2500 ni ya kati, 3500 na 3800 ni za kumalizia. Tofauti ya kuijua ni moja: chembe za Menzerna huvunjika kadiri unavyozifanyia kazi, kwa hiyo usikatishe katikati, endelea hadi ukungu wake uwe mwembamba na wazi. Za Meguiar's nilizozitaja hazivunjiki hivyo, zinakata mwanzo hadi mwisho, unaacha pale unapoona inatosha. Chagua moja. Ukiwa na moja utajifunza mkono wako, ukiwa na tano utabaki kulaumu chupa.

Taulo za maikrofaiba zisipungue kumi, zisizo na pindo gumu, ukate na lebo. Taulo likianguka chini limestaafu kazi ya rangi, hilo la rimu. Mwanga ni tochi ya LED kali, nyeupe. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi ya kuzibia plastiki nyeusi na raba za vioo, kwa sababu polishi ikikaukia kwenye plastiki chakavu inaacha nyeupe inayogoma kutoka.

Kuhusu kipande cha majaribio, yaani sehemu ndogo ya kujaribia kabla ya gari zima, nitaandika nikipata nafasi. Karibuni.

ist_ya_tabata:

Mkuu umeshusha nondo. Nina IST ya silva. Swali: nimeona kuna bamba la pedi la kufunga kwenye drili. Drili ninayo tayari. Haitafaa?

mwenye_crown:

Kaka, drili inazunguka tu, haitikisiki. Ni rotari isiyo na mshikio mzuri. Uzito wake uko nyuma, pedi inagusa kwa ukingo badala ya uso mzima, mkono unachoka ndani ya dakika kumi. Kwa kusafisha taa za mbele zilizoingia unjano inafaa sana. Kwa boneti hapana.

Silva una bahati nayo, inaficha mikwaruzo. Lakini ndiyo inayodanganya pia, unaweza kudhani umemaliza. Tazama kwa tochi ukiwa umeinama, mwanga utokee pembeni.

fundi_bufa:

Nawasalimu. Mimi ni fundi, rotari nimeishika miaka 14 na pedi ya manyoya, na sijawahi kumwonyesha mteja praima. Msiwatishe watu. DA inachelewesha. Gari la rangi ngumu lililochoka, wewe na DA yako utashinda siku mbili, mimi saa nne nimemaliza. Tatizo si rotari, tatizo ni vijana waliopewa mashine bila kufundishwa. Kwenye ukingo pedi izunguke kutoka ndani kwenda nje, isiuvamie ukingo. Kila baada ya muda weka mgongo wa mkono kwenye bati. Ukishindwa kuuacha hapo, umechelewa.

mwenye_crown:

Fundi, heshima yako. Ulichosema kuhusu ukingo na mgongo wa mkono ni cha kuandikwa ukutani, na nakubali kwamba kwa rangi ngumu iliyochoka wewe utanipita mbali. Lakini mtu wa uzi huu ni yule atakayeshika mashine Jumamosi kwa mara ya kwanza, kwenye gari lake mwenyewe ambalo Jumatatu anaenda nalo kazini. Miaka 14 yako hana. DA inampa nafasi ya kukosea na kusahihisha. Na hata wewe, hologramu za manyoya unazimalizaje?

fundi_bufa:

Namalizia na sponji laini mwendo mdogo. Ukiwa na DA ndiyo unamalizia nayo, hapo sikatai, ninayo moja ya kumalizia magari meusi. Niongeze jambo: magari mengi ya mtaani yamesharudiwa rangi, na mafundi wengine wanapiga klia tabaka moja ili kubana matumizi. Mgeni asiamini kwamba kila mlango una klia ya kiwandani. Gongagonga, angalia pindo za milango kama kuna mstari wa tepu, angalia kama punje za rangi zinafanana mlango kwa mlango. Panapotia shaka, pita kwa polishi laini tu. Na kama klia ni mpya ya juzi, iacheni kwanza ikauke hadi chini.

mwenye_crown:

Asante sana fundi. Ndugu zangu, ukipata wa kukuazima kipimo cha unene wa rangi, pima kila bati kabla ya kugusa. Bati likisoma 100 na jirani yake likasoma 300, hilo la 300 limerudiwa rangi au lina putti (ya kujazia mabonde) chini. Namba kubwa isikufariji, klia ya juu yake inaweza kuwa nyembamba vilevile.

mgeni_wa_nairobi:

Salamu kutoka Nairobi. Binamu yangu ameniletea DA kutoka Marekani. Imeandikwa volti 120. Nimenunua ile plagi ya kubadilisha miguu. Nichomeke tu?

mwenye_crown:

Ndugu, usichomeke! Ile plagi inabadilisha umbo la miguu tu, umeme unabaki 240 vilevile. Utaiua mashine kwa sekunde. Tafuta transfoma ya kushusha hadi 110, na uwezo wake uzidi mashine kwa mbali. Mashine ya wati 900 ipe transfoma ya 1,500 au zaidi. Marekani umeme wao ni hezi 60 na wetu 50, lakini mota za brashi kama hizi hazisumbuliwi na hilo.

dada_wa_mwanza:

Habari zenu. Nina Harrier nyeupe lulu, 070. Vumbi la huku na maji ya kisima vimeniachia vidoa vidogo vya duara, vingine haviondoki hata nikisugua. Nikipitisha kiganja rangi inakwaruza kama msasa. Polishi itaondoa? Na kwenye nyeupe nitajuaje kama kazi inaendelea?

mwenye_crown:

Dada, asante kwa swali hili, nililiruka na halikupaswa kurukwa.

Ule mkwaruzo wa kiganja ni uchafu uliojishika: chembe za chuma kutoka breki, lami, utomvu, masalia ya chumvi. Ukipiga mashine juu yake unazunguka na mchanga. Osha gari vizuri, futa lami kwa dawa ya lami, halafu tumia dongo la kusafishia rangi. Linakandwa kama unga wa chapati, unalipaka maji ya sabuni kwa wingi, unaliteleza bila kukandamiza. Mwanzoni utalisikia linakwaruza na kushika, kisha ghafla linateleza kimya. Ukilisikia kimya, nenda sehemu nyingine. Likianguka chini, litupe, usilihurumie.

Vidoa vya maji ya kisima jaribu kwanza siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, bati likiwa la baridi, dakika moja hivi, suuza sana. Vilivyobaki vimeshang'ata klia na hapo polishi ndiyo dawa. Vingine vitabaki, uvikubali.

Kuona kwenye nyeupe: ingia gereji au subiri giza, zima taa zote, bakiza tochi moja tu. Usitazame weupe, tazama mzunguko wa mwanga wa tochi. Mikwaruzo itaonekana pale pembezoni mwake.

Na kwa kuwa lulu ya 070 ina tabaka tatu, kuirudia rangi bati moja likafanana na jingine ni kazi ngumu hata kwa fundi mzuri. Kwenye kingo zako kaa mbali, funika kwa tepu.

ist_ya_tabata:

Mkuu tunasubiri hilo la kipande cha majaribio. Mashine nimeshaipata madukani Gerezani, hapa Dar, ya mtikisiko wa 15, na pedi sita.

mwenye_crown:

Haya, hili ndilo darasa lenyewe.

Chagua sehemu ya boneti iliyo bapa, si ya mkunjo. Zungushia tepu mraba wa sentimita 40 kwa 40. Gari liwe kivulini na bati liwe la baridi. Kwa Dar maana yake ni kabla ya saa tatu asubuhi, au chini ya paa. Bati la moto linakausha polishi na kuigandisha.

Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari kwenye ukingo wa bamba la pedi. Mashine ikiwa kazini, macho yako yawe yanaupata ule mstari ukizunguka. Ukiuona umesimama na mashine inatikisika tu, umekandamiza mno au umeinamisha, na hapo hukati kitu.

Anza na kilicho laini kuliko vyote: pedi laini na polishi yako. Pedi mpya ipake polishi nyembamba usoni kote kwa kidole, kisha ongeza matone manne ya ukubwa wa punje ya choroko. Gusisha kwenye bati kabla ya kuwasha, tandaza kwa mwendo wa 1 au 2, halafu panda hadi 4 au 5. Sasa tembea pole. Watu wote wanaoanza wanakimbiza mkono kama wanapiga pasi shati wamechelewa kazini. Sentimita mbili tatu kwa sekunde zinatosha. Kila mstari ukanyage nusu ya mstari uliopita. Ukimaliza kwenda kushoto na kulia, pita juu na chini. Hiyo ni awamu moja. Fanya awamu nne hadi sita. Uzito wa mashine na mkono uliotulia, basi.

Futa kwa taulo safi. Halafu futa tena kwa alkoholi ya isopropili, ile ya 70%, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji. Hatua hii ndiyo iliyokosekana kwa yule aliyepiga gari langu. Polishi nyingi zina mafuta, nyingine zina vijazio, vinajaa kwenye mikwaruzo na kuificha mpaka mvua ivioshe. Alkoholi inaondoa mafuta na kukuonyesha ukweli. Spiriti ya duka la dawa iliyotiwa mafuta ya mnyonyo haifai, itakupaka mafuta mengine.

Washa tochi. Utando umeondoka? Umeshapata mchanganyiko wako, gari zima litakwenda hivyohivyo. Umepungua tu? Rudia kwa pedi ya kati, chupa ileile. Unaona nilivyosema? Pedi inabadilisha ukali kuliko chupa. Bado? Ndipo ile pedi kali itoke kabatini, na baada yake urudi na laini kuondoa ukungu itakaouacha.

Kila ukimaliza mraba mmoja isugue pedi kwa brashi ikiwa inazunguka taratibu. Kila baada ya bati moja au mawili badilisha pedi. Gari dogo kwa kazi ya kawaida linachukua siku nzima. Usipange kwenda harusini jioni.

ist_ya_tabata:

Nimefanya boneti leo. Mraba wa kwanza ulitoka kama kioo, nikamwita mke wangu aje aone. Mraba wa nne nikaanza kupata vumbi jeupe jingi, na ukifuta kunabaki ukungu kama mvuke kwenye kioo cha bafuni. Pedi imekuwa ya moto, katikati imeanza kubonyea. Nimesimama hapo. Nimeharibu?

mwenye_crown:

Hujaharibu kitu, na umefanya vizuri kusimama. Dalili zote tatu zina chanzo kimoja, pedi imeshiba. Niambie, uliisugua kwa brashi kila mraba? Na matone uliyapunguza?

ist_ya_tabata:

Brashi nilitumia mara moja. Matone nilikuwa naongeza kila nikiona inakauka.

mwenye_crown:

Basi ndiyo hiyo. Kuongeza matone kwenye pedi iliyoshiba ni kuongeza maji kwenye ugali uliokwisha kuiva. Osha pedi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ikamue kwa kiganja bila kuisokota, ianike kivulini uso ukitazama chini. Joto ndilo linalobandua ile velkro ya nyuma, kwa hiyo jua kali hapana. Chukua pedi nyingine safi, rudia mraba wa nne kwa polishi kidogo na awamu tatu tu. Ukungu utaondoka.

mgeni_wa_nairobi:

Transfoma nimepata, mashine inaunguruma vizuri. Huku kwetu shida ni baada ya kazi. Nikimaliza, kuna haja ya waksi au inatosha?

mwenye_crown:

Lazima uifunike, ndugu. Rangi iliyotoka kupolishiwa iko uchi. Waksi ya kanauba inapendeza ila kwa jua letu haidumu. Silanti, yaani kinga ya kutengenezwa kiwandani, inakaa miezi kadhaa. Dawa ya seramiki ya kunyunyiza ni rahisi na vumbi linashika kidogo, mgeni aanze na hiyo. Seramiki ya kitaalamu ya kwenye kichupa iache hadi mkono ukomae, kwa sababu ukikosea ikakauka, unaiondoa kwa mashine tena, yaani unakula klia mara ya pili.

Lakini kinga kubwa ni namna ya kuosha. Hapa nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona magari yaliyopolishiwa Jumapili yakachorwa Jumatano. Mlinzi wa maegesho akija na kitambaa kikavu kukupunguzia vumbi, mshukuru, mpe chochote, mwambie asiguse. Vumbi la barabara ni mchanga, na mchanga unakata klia. Nyumbani uwe na ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glovu. Kabla ya kugusa gari limwagie maji mengi. Anzia paa, malizia chini ya milango. Rimu na kitambaa chake. Sabuni ya unga ya kufulia nguo inaondoa waksi yote uliyoipaka, iacheni ifue nguo. Kausha kwa taulo kubwa la maikrofaiba kwa kulilaza na kulivuta, bila kusugua. Na kama maji yako ni ya kisima, osha jioni, usiache yakaukie juani.

dada_wa_mwanza:

Nimemaliza dongo. Nilipopitisha kiganja ndani ya mfuko wa nailoni kama alivyonielekeza mdogo wangu, rangi ni laini kama sahani ya udongo wa kung'aa. Vidoa vimebaki kama kumi hivi kwenye paa. Mashine sina bado. Ndiyo kusema nisubiri?

mwenye_crown:

Huyo mdogo wako amekufundisha vizuri, mfuko wa nailoni unaongeza hisia za vidole kuliko kiganja kitupu. Usisubiri, paka silanti sasa ili vidoa vipya visishike. Ukipata mashine, polishi itaiondoa silanti yenyewe na kuendelea na kazi. Kwa gari la kila siku kuna pia polishi za hatua moja zenye kinga ndani yake. Haziondoi utando wote, lakini zinapunguza sana na zinafunika kwa mara moja. Kwa nyeupe ya kila siku mimi ningetumia hiyo, niiache klia yangu ibaki na unene wake.

ist_ya_tabata:

Wakuu, ripoti ya mwisho. Nimemaliza gari zima kwa wikiendi mbili, pedi ya kati na chupa moja, na bado imebaki zaidi ya nusu. Usiku nimeweka tochi kwenye mlango wa nyuma, unaona duara la taa na ukimya. Kasoro moja: mlango wa dereva kuna mstari wa ufunguo, sentimita kama 15. Nimepita mara tatu, umelainika kingo lakini upo. Nitoe ile pedi kali?

mwenye_crown:

Hongera sana kaka, nimefurahi kweli.

Pitisha ukucha juu ya mstari ukiwa umekingama nao. Ukucha unakwama?

ist_ya_tabata:

Unakwama.

mwenye_crown:

Basi pedi kali iache kabatini. Mkwaruzo unaokamata ukucha mara nyingi umeshapita klia au umebakiza kidogo, na ukiufuata utatoboa mlango mzima kwa ajili ya mstari mmoja. Tafuta kichupa cha rangi ya kugusia cha namba ya silva yako, jaza kwa ncha ya kijiti cha meno, acha ikauke usiku kucha, ongeza klia kidogo juu. Jumamosi niko Tabata kwa dada yangu. Nitakuja na tochi na kipimo cha unene, tuupime mlango huo kabla hujaugusa tena.